Mninga: mbao isiyokusumbua ikishakauka

Wateja wengi wanaotaka kitanda cha sita kwa sita cha mninga huvutiwa na rangi. Mimi naupendea utulivu wake. Ukishakauka vizuri, mninga husinyaa na kuvimba kidogo mno, hivyo droo uliyoibana kiangazi haitakwama masika, na mlango hautaanza kugoma kufunga. Nao si mzito sana: mita ya ujazo ya mbao kavu ina kilo kama 640. Mkongo ni mzito zaidi, na unachosha randa na mkono pia.

Mti wenyewe, Pterocarpus angolensis, ni wa misitu ya miombo: Tabora, Katavi, Rukwa, hadi Zambia na kusini zaidi. Ukiukata mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Ukienda kununua, usihangaike na rangi kwanza. Tafuta weupe. Kati ya gome na kiini kuna ukanda mweupe ambao wadudu wanaupenda sana. Kiini cha kahawia hawakiwezi kirahisi. Ukiona unga laini umemwagika chini ya kitanda cha "mninga halisi", ujue fundi aliacha ule weupe kwenye mbao. Kitanda kikishapakwa rangi huwezi kuuona kwa juu, kwa hiyo kigeuze, tazama chaga na upande wa ndani wa mbavu. Muuzaji akinuna, mwache anune. Mwombe pia risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Tangu 2023 mninga umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara yake ya kuvuka mipaka ina masharti.

Kwenye meza ya kazi, nyuzi zake hupishana. Randa ikipita kinyume, inanyofoa. Noa kisu cha randa, kitoe kidogo tu, na pakinyofoka geuza upande. Msumari na skrubu hushika vizuri, ila karibu na ncha toboa kwanza.

Vumbi lake ni baya: linawasha pua na linaweza kuamsha pumu. Vaa barakoa, hata kama kazi ni ya dakika chache.

Kabla ya kuunga mbao kwa gundi ziwe bapa moja pana, panga mbao zote sakafuni kwenye mwanga, maana nyingine ni za asali na nyingine zimeiva wekundu. Piga msasa namba 120, kisha 180, umalizie na 240. Vanishi iwe ya maji, isiyo na rangi. Kuupaka mninga rangi nyeusi ya mbao sijawahi kuuelewa. Kama unataka nyeusi, nunua paini, utaokoa hela.