Mtandao umejaa, lakini ruta haina kosa

Ndani ya siku nne nimepigiwa simu tatu zenye maneno yale yale: "Fundi, vijiti vya mtandao vimejaa kabisa lakini hakuna kinachofunguka. Ruta imekufa, niletee nyingine." Wa tatu alikuwa ameshanunua nyingine kabla hajanipigia. Kaweka laini ile ile, kaiweka pale pale juu ya kabati la televisheni, na video inazunguka vile vile. Pesa yake imekwenda, na imeniuma kama yangu. Leo naandika kuhusu vile vijiti vya mtandao na siviachi mpaka vieleweke.

Nimalize kwanza la haraka. Vijiti unavyoviona kwenye simu ukiwa umeunganisha waifai si vya mnara. Ni vya kutoka simu yako mpaka kwenye ruta, basi. Vya mnara viko kwenye ruta yenyewe. Kwa hiyo simama mita mbili mbele ya ruta upime kasi, halafu nenda chumba kinachosumbua upime tena. Tofauti ikiwa kubwa, shida ni kuta za nyumba yako: tumia waifai ya masafa ya 5 GHz ukiwa karibu, 2.4 GHz ukiwa mbali, na kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani. Kasi ikiwa mbovu hata mbele ya ruta, hapo ndipo tuzungumze habari za mnara.

Nenda stendi ya Mbezi asubuhi. Makondakta sita wamekuzunguka, kila mmoja anaita njia yake kwa pumzi zake zote. Sauti zinakufikia, tena zinakupasua masikio, lakini ukiulizwa yule wa kushoto kasema Kibaha au Kibamba, huna jibu. Vijiti vinakuonyesha mnara wako unasikika kwa sauti kubwa kiasi gani. Kama maneno yake yanashikika, hilo vijiti havilijui.

Ruta inalijua. Andika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari (anwani sahihi iko kwenye kibandiko chini ya ruta), ingia, tafuta ukurasa wa hali ya mtandao. Utakuta RSRP na SINR. RSRP ndiyo nguvu, na kwa kawaida ndiyo inayochora vijiti. Huandikwa kwa hasi, hivyo -80 ni kubwa kuliko -110. Watu wengi huisoma kinyume. SINR ni usafi: sauti ya mnara wako ikilinganishwa na kelele nyingine zote. Ikiwa juu ya 20, shukuru. Kati ya 10 na 20 utaishi vizuri. Ikikaribia sifuri utateseka, hata vijiti vijae vyote.

Mama mmoja wa Kimara aliniita mwezi uliopita. Nyumba iko juu kabisa mlimani, ruta ipo dirishani sebuleni, vijiti vitano. RSRP -78, SINR 1. Kasi ilikuwa Mbps 3. Nikaichomoa, nikaizungusha nyumba nzima kwa waya wa kurefushia umeme, kila mahali nasubiri dakika mbili namba zitulie. Kwenye chumba cha nyuma, juu ya kabati la nguo, vijiti vikashuka vikabaki vitatu. RSRP -97, SINR 14. Kasi ikapanda hadi Mbps 28. Angalia hapo: nguvu imepungua kwa desibeli 19, yaani karibu mara 80, na kasi imeongezeka mara tisa. Mama hakuamini mpaka kijana wake alipofungua mpira.

Sababu ni ule mlima. Nyumba iliyo juu inaona minara mingi kwa mpigo, na minara ya kampuni moja mara nyingi hutumia masafa yale yale, kwa hiyo inamezana. Dirishani ruta ilikuwa inaisikia yote. Kule nyuma, ukuta wa zege na simtanki la maji lililo nje vilizuia minara ya upande mmoja, ikabaki mmoja unaosikika vizuri. Maji hunyonya sana mawimbi haya. Ndiyo maana ushauri wa "weka dirishani, weka juu" nimeacha kuutoa bila kusoma namba. Bondeni unafaa, mlimani unaweza kukuangamiza.

Sasa niseme ukweli ambao mafundi wengi huuficha. Namba nzuri hazitoshi. SINR ya saa nne asubuhi na ya saa mbili usiku si moja, kwa sababu jirani wakirudi kutoka kazini minara yote inafanya kazi zaidi na kelele inapanda. Isome saa ile inayokusumbua. Kisha pima kasi saa kumi alfajiri. Alfajiri ikiwa Mbps 40 na usiku 2, mnara umelemewa, mnagawana kidogo kilichopo. Hapo dawa yangu ya pekee ni kujaribu laini ya kampuni nyingine, na si kila mara inasaidia. Kuna nyumba Tabata nilikaa mchana kutwa, namba zikawa safi kabisa, na usiku mteja akaniambia hali ni ile ile. Nilimrudishia nusu ya ufundi. Kuilazimisha ruta itumie bendi moja tu, yaani masafa ya aina moja ya mnara, nako nasita: nimeona ikisaidia wiki mbili, halafu mnara ukabadilishwa mpangilio na mteja akabaki hana mtandao kabisa.

Kama shida yako ni kukatika na si kasi, shika adapta kwanza. Ruta inayotaka 12V 2A ukiipa adapta ya 12V 1A itawaka vizuri tu, ila watu watano wakianza kutumia inaishiwa nguvu, taa zote zinazima na inaanza upya. Nimezika adapta nyingi kuliko ruta.

Na kuna siku kosa haliko hata mtaani kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom ziliharibika baharini, intaneti ikazorota ukanda wetu wote. Simu yangu haikupumzika. Wote walisema vijiti vimejaa, na kweli vilikuwa vimejaa, kwa sababu mnara ulikuwa mzima. Watu waliibonyeza ruta kitufe cha kufuta mipangilio yote, na nyaya zilipopata nafuu wao wakabaki bila nywila wala mipangilio.

Juzi yule kijana wa Kimara kanipigia. "Shikamoo fundi. Vijiti vimebaki viwili, nairudisha sebuleni." Nikamwomba afungue ukurasa anisomee SINR. Akasoma 13. Nikamuuliza mpira unakatika? Akasema haukatiki. Nikamwambia iache hapo hapo juu ya kabati.