Punda Husikika Kabla ya Kuonekana: Taharuki Katika Dakika za Kwanza za Filamu

Mimi ni mhariri wa filamu. Mwezi uliopita vijana wanne wa hapa Lamu waliniletea filamu yao fupi ya kusisimua niitazame kabla hawajaikamilisha. Inaanza usiku: msichana anatoka mtaa wa Langoni kurudi kwao, anapita kichochoro kirefu, na ghafla mwanamume anamrukia kutoka ndani ya daka la nyumba, yaani kibaraza cha mlangoni. Muziki unalipuka. Nilishtuka kweli, lakini ni kwa sekunde moja tu. Msichana alipoanza kukimbia, moyo wangu ulikuwa umeshatulia.

Nikawashauri tuhamishe picha moja. Ile ya mwanamume akijibanza dakani, ambayo walikuwa wameipiga wakaiacha, iwe ya kwanza kabisa: mkono unazima sigara ukutani, mguu unavutwa gizani. Kisha ndipo msichana atokee, anazungumza kwenye simu, anacheka.

"Lakini Mwalimu, si mtazamaji atajua mapema?"

Ndiyo, nataka ajue. Asiyejua kitu hana cha kuogopa mpaka kimfike. Anayejua, na hawezi kumwita yule msichana arudi, ndiye anayekaa roho juu. Hatukuongeza hata hatua moja, lakini tulipoitazama tena kichochoro kilikuwa kama kimerefuka, na kila daka alilolikaribia tulihisi lina mtu.

Niliwaonyesha mwanzo wa Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958, ambao sijaona unaoushinda kwa kufundishia. Mikono inategesha saa ya bomu, bomu linatiwa kwenye buti la gari, mwanamume na mwanamke wanapanda bila habari na kuondoka. Hayo yote na yanayofuata, tangu mikono ile, ni picha moja isiyokatwa, zaidi ya dakika tatu, kamera ikipaa juu ya mapaa na kushuka tena barabarani. Gari linasimamishwa na askari, linazuiwa na mbuzi, linapitwa na mume na mke wanaotembea kwa miguu, halafu linawafikia tena. Kila linapowakaribia unataka kuwaambia wakimbie. Mpakani mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio kama wa saa kichwani mwake, na hakuna anayemjali. Kwa kuwa picha haikatwi, saa ya bomu na saa yako wewe uliyeketi ni moja. Ukikata hata mara moja, mtazamaji anapata pa kupumzikia.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni sauti. Kampuni iliyotoa filamu hiyo ilibandika majina ya waigizaji na muziki mmoja juu ya picha ile yote. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 akiomba mabadiliko, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata. Majina yakaondoka, na muziki wa mabaa na wa redio ya gari ukawa unakuja na kupotea. Sasa hata gari lisipoonekana, unalisikia lilipo.

Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa sana hilo. Vichochoro vyetu ni vyembamba na vina kona nyingi, unasikia kwato na mtu akipiga "simile! simile!" na tayari umeshajibana ukutani, ingawa punda bado hujamwona. Sikio linatangulia, jicho linasubiri. Jaws, filamu ya papa ya mwaka 1975, inafanya vivyo hivyo baharini: msichana anaogelea usiku, kamera inamtazama kutoka chini ya maji, noti mbili za mtunzi wa muziki wake, John Williams, zinarudiwa, na papa mwenyewe katika tukio hilo haonekani kabisa.

Kwa hiyo muziki wa vijana wangu tumeufuta wote. Juzi baada ya Isha walikwenda kurekodi ndala zikitembea kichochoroni, jozi moja tu. Usiku wa kuamkia leo wamerudi kurekodi jozi ya pili, viatu vizito zaidi, kwa mbali. Tunabishana bado vianze kusikika kabla msichana hajamaliza kucheka, au baada tu ya kukata simu. Mimi nataka kabla.