Rutuba ya Arabuko-Sokoke haimo mchangani: tunayoyaamini kuhusu udongo wa msitu, na ukweli wake

Kitalu changu cha miche kiko Gede, kando ya njia ya Malindi, mwendo mfupi kutoka ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Haipiti wiki bila mteja kusimama kivulini akanieleza habari za udongo wa msitu ule. Mengi kati ya hayo nimelelewa nayo. Baadhi niliyaamini mpaka yakaniulia miche. Nayaweka hapa kwa maneno yale yale watu wanayoyatumia, kwa sababu msitu huu unakatwa na watu wanaoyaamini.

"Msitu mzito, basi ardhi yake ni tamu"

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. Mtu hutazama miti ilivyoshonana, akaanza kupiga hesabu ya magunia ya mahindi.

Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Lakini umeota juu ya mchanga. Katikati yake unapita ukanda wa mchanga mweupe, maskini kabisa, na hapo ndipo penye miti ya mirihi. Upande wa kaskazini magharibi mchanga ni mwekundu, mvua ni chache, na vichaka vimebanana. Chota ule mweupe kwa kiganja, umwagie maji, utaona yanavyopita kama kwenye chujio. Hauna udongo wa mfinyanzi wa kushika kitu. Chumvi yoyote ya lishe iliyoyeyuka hushuka na mvua mpaka chini, ambako mizizi mingi haifiki.

Sasa miti mikubwa vile inakula nini? Inakula kinachozunguka. Chakula chake kimo ndani ya miti yenyewe, ndani ya majani yaliyoanguka, na ndani ya miili ya bakteria na kuvu wanaoyala majani hayo. Ni kama fedha ya upatu wa kina mama: ukihesabu iliyomo mkobani leo ni kidogo mno, lakini kwa kuwa hailali, kila mmoja hufikiwa na zamu yake ya kuezeka nyumba. Mti wenyewe ni mwangalifu. Kabla ya kuliachia jani hurudisha ndani karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi iliyokuwa humo. Nusu ya pili ikifika chini, viumbe vya udongoni wanaidaka kabla mvua haijaichukua, na mizizi inaipokea kwao.

Ukifyeka na kuchoma umeuvunja upatu, na fedha yote imemwagwa mezani kwa siku moja. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi, kwa hiyo mahindi ya mwaka wa kwanza hupendeza kweli, na hapo ndipo dhana inapopata ushahidi wake. Sehemu kubwa ya naitrojeni ilikwisha kuondoka na moshi. Masika yakipiga mara mbili tatu, majivu nayo yamezama. Kufika msimu wa tatu mabua ni membamba na majani yana manjano, na mwenye shamba anasema ardhi imechoka. Mjomba wangu alisema hivyo kuhusu mashamba manne, moja baada ya jingine, na hakuwa mvivu hata siku moja.

"Majani makavu ni uchafu"

Kufagia uwanja wa nyumba sina ubishi nako, nyoka wapo. Ninaloliomba ni kwamba rundo lile lisitiwe kiberiti.

Piga goti chini ya mti mkubwa wowote ambao haujafagiwa, ufunue majani kwa mkono, polepole. Juu kabisa ni ya msimu huu, mazima, yanavunjika kwa sauti. Chini yake yana unyevu, yamegandamana, na baadhi yana mabaka meupe kama yamemwagiwa dawa ya kufulia: hapo kuvu amekula lignini, ile sehemu ngumu inayoupa ubao na jani uthabiti, ambayo viumbe wengine wengi hawaiwezi. Fukua tena. Unakuta majani yaliyobaki mishipa mitupu kama wavu wa kimia, na kati yake vinyesi vya jongoo, vidogo, vya duara, vyeusi. Kisha punje nyeusi zenye harufu nzuri, unene wa vidole viwili tu. Kisha mchanga. Vijizizi vyembamba utaviona vimejaa kwenye zile punje nyeusi, vingine vimepanda juu mpaka ndani ya majani yenyewe. Mti wenye urefu wa mita 15 unaishi kwa tabaka ambalo mfagio mmoja unaliondoa.

Kazi humo ina zamu. Jongoo na mchwa hutafuna na kupasua. Kuvu huingiza nyuzi zao ndani ya vipande, bakteria hufuata. Lakini hawa hawaachii lishe kwa ukarimu. Wanajenga miili yao kwanza. Naitrojeni iliyo ndani ya bakteria imefungwa mpaka bakteria huyo afe au aliwe, na walaji wake ni protozoa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Wakimla wanapata naitrojeni kuliko wanayoihitaji, wanaitoa, na hiyo ndiyo inayofika kwenye mzizi. Ukiua kiungo kimoja katikati, majani yanarundikana na miti inabaki na njaa.

Mfano wake uko Bamburi, Mombasa, si mbali na sisi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa mawe ya saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu. Mvinje ulishika vizuri, lakini majani yake yalikuwa yanaanguka na kukaa tu, hayaozi, kwa kuwa yana tanini nyingi, kemikali chungu inayochelewesha kuoza. Kilichofungua mambo ni jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao watoto huwachokoza wajikunje. Haller aliona wanayala yale majani, akawaleta kwa mamia. Wakatafuna, vinyesi vyao vikaozwa na bakteria, na pale juu ya jiwe ukaanza kujengeka udongo. Leo ni msitu.

"Kinachooza chochote ni mbolea, kitie tu"

Hapa nililipa ada. Fundi mmoja alinipa magunia ya unga wa mbao bure. Nikachanganya nusu kwa nusu na udongo, nikapanda mipapai 200. Baada ya wiki tatu majani ya chini yakaanza manjano, yakapanda juu, miche ikadumaa. Nikanyunyizia dawa ya wadudu ambao hawakuwepo.

Unga wa mbao una kaboni sehemu mamia kwa sehemu moja ya naitrojeni. Vijidudu wanaouozesha wanahitaji chakula chenye takriban sehemu 25 kwa moja. Wakikuta kaboni tele na naitrojeni haba, huichota naitrojeni ya udongo ulio karibu, na mche hauna ubavu wa kushindana nao. Magunia yaliyobaki niliyarundika pamoja na samadi ya mbuzi kwa miezi kadhaa, nikipindua, na yakaja kuwa mbolea kweli. Majani makavu vilevile: yatandaze juu ya udongo, usiyazike mabichi kwenye shimo la kupandia.

"Hizo nyuzi nyeupe mizizini ni ugonjwa"

Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu kwa ukulima wake, alinunua kwangu mche wa mbambakofi, akautoa mfukoni palepale kuuangalia mizizi. Akaurudisha mezani.

"Mwanangu, huu umeingia ukungu. Nipe mwingine."

"Mzee wangu, huo ndio niliokuchagulia. Unuse."

Akaunusa. Ulikuwa unanukia uyoga. Mzizi wenye ugonjwa ni kahawia, laini, na ukiuvuta kwa kucha ganda linavuka likabaki uzi wa katikati. Huu wa mbambakofi ulikuwa mgumu, ncha zake zimevimba kidogo na kuvikwa ala nyeupe kama soksi. Ile soksi ni kuvu, na ushirikiano wake na mzizi huitwa maikoriza, jina alilolitoa Mjerumani A. B. Frank mwaka 1885.

Faida yake kubwa ni fosforasi. Naitrojeni ikishayeyuka husafiri na maji, lakini fosforasi hung'ang'ania punje za udongo na haisogei. Mzizi ukishamaliza iliyo kando yake umekwama. Nyuzi za kuvu ni nyembamba mno kuliko mzizi, zinaingia penye mianya ambayo mzizi hauwezi, zinaileta, na mti unazilipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Mrihi nao huishi hivyo, ndiyo maana unaweza kusimama kwenye mchanga mweupe. Miti mingi mingine ina kuvu wa aina ya pili, wanaoingia ndani ya seli za mzizi, na hao hutawaona bila hadubini.

Misonobari ilipoletwa Afrika kupandwa mashambani, mahali pengi miche ilidumaa na kugeuka manjano mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wake kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua. Mbegu zilisafiri, mwenzi wake akaachwa nyumbani.

Kwa hiyo wapo wanaoniuliza kama wachote magunia ya udongo Arabuko-Sokoke. Hapana, tafadhali. Ule ni msitu wa hifadhi, na kuondoa tabaka lile ni kuunyang'anya chakula. Mimi natumia kiganja kimoja kutoka chini ya mbambakofi wa shambani kwetu kwa kila ndoo ya udongo, na chatosha. Na usizidishe mbolea ya fosforasi kitaluni. Mche ukishiba hiyo, hauna sababu ya kulisha kuvu.

"Jamii ya kunde yote hurutubisha udongo"

Kunde, mbaazi na choroko, ndiyo: mizizini mwao mna vinundu vyenye bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani, na hewa ni asilimia 78 naitrojeni. Lakini mrihi ni wa jamii hiyo hiyo ya kunde na hauna vinundu hata kimoja. Mbambakofi hali kadhalika. Mvinje, ambao hauna undugu wowote na kunde, unavyo. Bakteria wake huitwa Frankia, kwa heshima ya yule Frank. Usiulize ukoo wa mti. Fukua uangalie mizizi.

"Vijidudu vya udongoni ni maradhi tu"

Kijiko cha chai cha udongo wa msitu huweza kubeba bakteria bilioni moja, na walio wengi mno hawana habari na mwili wako. Ile harufu ya mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu, ambayo sisi sote tunaipenda, hutengenezwa na bakteria. Kutoka kundi hilo hilo la bakteria, mwaka 1943 huko Marekani, Albert Schatz alipata streptomaisini katika maabara ya Selman Waksman, na ikawa dawa ya kwanza ya antibaiotiki iliyoweza kutibu kifua kikuu.

Pepopunda hata hivyo imo udongoni kweli. Ukijikata kwa jembe, osha kidonda uende ukachomwe sindano.

"Miti huzungumza na kulishana chini ya ardhi"

Video hizi hutumwa sana kwenye simu, na najua kwa nini zinapendwa. Mwaka 1997 mtafiti wa misitu Suzanne Simard na wenzake walionyesha huko Kanada kwamba kaboni huweza kutoka mti mmoja ikaonekana kwenye mwingine. Kutoka hapo watu wamefika kwenye mama mti anayewanyonyesha wanawe. Mwaka 2023 watafiti watatu waliobobea katika kuvu hao walipitia ushahidi wa misituni wakaona ni mdogo kuliko hadithi inayosimuliwa. Mimi nashika lililo thabiti: kuvu na mti wanabadilishana sukari kwa lishe. Hilo lenyewe ni kubwa.

"Tope la Mida linanuka kwa sababu limekufa"

Mida ni hori la bahari lililo jirani yetu. Pale mikokoni nako majani huanguka, na kaa huyaburura mpaka mashimoni mwao. Lakini tope limejaa maji, na oksijeni huisha chini kidogo tu ya uso wake. Bakteria wa humo hupumua salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, na wanachokitoa ni ile gesi ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma cha tope hufanya weusi. Bila oksijeni kuoza kunakwenda taratibu sana, ndiyo maana tope la mikoko limebeba kaboni ya mamia ya miaka.

Nenda maji yakitoka, uchague mchu, aina mojawapo ya mikoko, ukate bonge la tope kando ya vile vipumulio vilivyosimama kama vidole. Ndani ni jeusi tititi. Halafu tazama penye mzizi: umezungukwa na mduara mwembamba wenye rangi ya kutu, kwa sababu mti unashusha hewa mpaka chini na kidogo inavujia pembeni. Upana wa mduara ule ni kama uzi wa mshono, na ndani yake wanaishi bakteria ambao hawawezi kuishi kwenye weusi ulio kando yao.