Mmeshakubaliana talaka kwenye usuluhishi halafu mwenzako kageuka: yanayosemwa na ukweli wake

Hii inawakuta watu wengi hapa Tanzania. Mmekaa baraza, mmekubaliana nani abaki na nyumba, watoto wakae kwa nani, karatasi imesainiwa mpaka na mashahidi, halafu mwenzako anaibuka anasema hataki tena. Hapo ndo ushauri wa mtaani unaanza, na mwingi unaumiza watu.

"Tulisaini baraza, kwahiyo tumeshaachana na mali zimeshagawanywa."

Hapana. Baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, kazi yake kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ni kuwapatanisha, na ikishindikana linatoa hati kwamba imeshindikana. Kutoa amri ya talaka na kugawa mali ni kazi ya mahakama. Ndo maana huwezi kumtoa mtu kwenye nyumba kwa karatasi ya baraza.

"Akikataa, talaka imekwama."

Sio kweli, talaka haihitaji saini za wote wawili. Mmoja anafungua shauri, hata mahakama ya mwanzo, na hakimu anaangalia kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Cha kuchunga ni tarehe ya hati ya baraza, isiwe imezidi miezi sita siku unayofungua, maana watu wanakaa kumbembeleza mwenzao arudi kwenye makubaliano, miezi inakatika, inabidi waanze upya barazani, inauma sana. Na kama aliitwa baraza akagoma kuja makusudi, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila hiyo hati.

"Basi karatasi ichanwe."

Usichane! Kwenye maombi ya talaka unatakiwa ueleze kama kulikuwa na makubaliano ya mali au matunzo, kwahiyo hakimu atayaona, ila hafungwi nayo. Mali mlizochuma pamoja anagawa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Sasa mama aliyesainishwa achukue kitanda na vyombo kwa sababu eti nyumba kajenga mume peke yake, ana haki kabisa ya kugeuka na mimi simwiti msaliti, wengine walisaini wamezungukwa na mashemeji, na barazani wakili haruhusiwi kumsimamia mtu.

"Popote uliposaini unaweza kugeuka."

Hapa ndo pa kuwa makini. Usuluhishi unaofanyika ndani ya kesi mahakamani ni kitu kingine, mkisaini na mahakama ikayarekodi makubaliano yanakuwa hukumu, na kuyatengua mpaka uthibitishe mambo mazito kama udanganyifu au kulazimishwa. Kabla hayajarekodiwa bado una nafasi, soma kila mstari, usione aibu kuomba muda.

"Ya watoto tulishamalizana."

Ya watoto hayafungwi na saini za wazazi, mahakama inaangalia ustawi wa mtoto kwanza. Matunzo nayo yanaweza kubadilishwa hali ikibadilika, mfano baba kapoteza kazi au mtoto kaanza kuumwa, lakini anayetaka mabadiliko arudi mahakamani aombe, asikate tu kutuma hela.