Arcanum: bunduki na uchawi havishikiki kwa pamoja

"Fundi, gemu lako bovu. Bunduki inagoma, na uchawi hauumi mtu."

Maneno hayo nimeambiwa tena wiki hii, na mteja niliyemwekea Arcanum, gemu la kuigiza mhusika katika dunia ya uchawi na mashine, kwenye kompyuta yake. Nilipofungua alipokuwa amesevu, jibu lilikuwa palepale kwenye ukurasa wa mhusika: uchawi wa aina tatu, hatua tatu za ufundi wa bunduki, na mshale unaoonyesha umeelemea uchawi au mashine umesimama katikati. Kwake hiyo ndiyo akili, kuchukua kidogo kila upande ili ajitosheleze. Nimewaona wengi waliofanya hivyo, na wote huacha gemu kabla ya kuuona mji wa Tarant, kisha wanasema halifai. Linaniuma, kwa sababu wanalikataa kwa jambo lililo bora kuliko yote ndani yake.

Dunia ya Arcanum imejengwa juu ya ugomvi mmoja. Mashine inazitegemea kanuni za asili, uchawi unazipinda. Kila uchawi unaojifunza unauvuta mshale wako upande mmoja, na kila hatua ya ufundi inaurudisha upande wa pili. Nguvu ya uchawi wako inapimwa kwa mshale huo. Ukibaki katikati, unapiga uchawi wa mtoto. Ukielemea mashine, hata upanga wa kichawi ulioutafuta kwa jasho unageuka chuma tu mkononi mwako. Mchawi mkubwa naye akishika bunduki, inamgomea. Virgil, mfuasi wa kwanza unayekutana naye penye mabaki ya chombo cha anga cha Zephyr, anatibu kwa uchawi. Kadiri unavyozidi kuwa mtu wa mashine, ndivyo tiba yake inavyopungua mwilini mwako. Na ukienda stesheni ya treni ukiwa mchawi aliyekomaa, wanakukatalia kupanda, maana wanahofia uchawi wako utaiharibu injini. Hakuna hitilafu hapo. Ndiyo hadithi yenyewe.

Piga hesabu. Uchawi uko wa aina 80, umegawanywa katika vyuo 16. Ufundi una fani 8, kila moja hatua 7. Unaanza na pointi 5, unaongezewa moja kila leveli, na ya ziada kila leveli ya tano. Dari ni leveli 50. Kwa hiyo maisha yako yote una pointi 60 na kidogo, na nguvu, wepesi na akili navyo vinakula humohumo. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa zinaponyoka zote mbili.

Katikati pana mtu mmoja tu anayefaa kukaa: mpiganaji wa upanga au ngumi asiyetaka uchawi wala mashine. Wengine wote, amueni upande kabla ya leveli ya tano na msigeuke. Mimi namsukuma kila mteja kwenye ufundi, ingawa mwanzo wake ni mgumu. Anza na fani ya dawa za mitishamba. Mzizi wa ginka na shina la kadura vinakupa dawa ya kupaka vidonda, na hutamtegemea tena Virgil. Wanaotaka njia ya mkato huchukua Harm, uchawi wa kwanza wa chuo cha mauti, wakaua nao kila kitu mpaka mwisho. Inawezekana, ila umeliona nusu ya gemu.

Kuna wanaoniambia ni kopi ya Fallout, gemu jingine la kuigiza mhusika. Tim Cain, Leonard Boyarsky na Jason Anderson walikuwa nguzo za Fallout ya 1997. Wakaondoka Interplay, kampuni iliyolitengeneza, wakaanzisha yao, Troika Games, mwaka 1998, na Arcanum ikatoka Agosti 2001 chini ya wachapishaji Sierra. Mikono ni ileile, basi lazima zifanane.

Wengine husema mhusika mwenye akili ndogo hafiki popote. Si kweli. Waliandika mazungumzo mengine kabisa kwa ajili yake. Si kweli pia kwamba kila kitu kinaisha kwa damu: hata adui wa mwisho anaweza kushindwa kwa hoja, ukiwa umejiandaa kwa hoja.

Wanaolalamika kwamba mapambano ni fujo, nawakubalia nusu. Ukiyaacha yaende papo hapo, hutajua nani kampiga nani. Badilisha yawe ya zamu, utaona tofauti. Na kompyuta mpya haina shida nalo: chukua toleo la GOG, duka la magemu mtandaoni, weka na kiraka (patch), yaani faili la marekebisho, kilichotengenezwa na mashabiki. Mimi siwezi kumwekea mteja bila kiraka hicho.

Penye ubaya wa kweli ni migodi ya ukoo wa Black Mountain. Ni mirefu, na ndani mna majitu ya mawe ambayo kila ukiyapiga, silaha yako ndiyo inayolika. Waliopanga sehemu ile walikosea, na sitawatetea. Usiingie na upanga mmoja. Beba silaha tatu au nne za bei nafuu, ile unayoipenda mwachie mfuasi akubebee, na sevu mara mbili kwa majina tofauti kabla ya kushuka.