Msiniambie tena habari za "utamaduni" wa Waholanzi

Wiki iliyopita nimelisikia tena neno hilo. Kikao kimefika saa saba mchana, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, na mimi ndiyo kwanza nafungua mchoro wa njia ya baiskeli kwenye makutano. Mzee mmoja akavua miwani: "Injinia, hayo waachie Waholanzi. Wenzetu wana utamaduni wa baiskeli." Kikao kikafungwa, tukaenda kula.

Utamaduni gani, mzee wangu? Miaka ya 1960 Waholanzi nao walikuwa wanazitupa baiskeli na kubomoa mitaa kupisha magari. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na watoto peke yao walizidi 400. Wazazi wakaingia barabarani na kampeni waliyoiita Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Ndipo ujenzi ukaanza, na walianza kwa kukosea: Den Haag na Tilburg zilijengewa njia moja moja ya kifahari, watu waliokuwa wakiendesha tangu zamani wakahamia humo, wapya wakawa wa kuhesabu. Baadaye Delft wakaunganisha njia za mji mzima, na safari zikaongezeka, japo si kwa muujiza.

Wa "joto letu halifai" waende Sevilla, Hispania, ambako kiangazi hugusa nyuzi 40. Walijenga kilomita zipatazo 120 kwa miaka michache tu, watu wakapanda baiskeli. Hilo nimelimaliza.

Na kama ni utamaduni, yule anayeshusha mkaa kutoka Kisarawe kwa baiskeli ya Phoenix yuko kwenye utamaduni wa nani? Muuza mayai na trei zake? Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya karia ya baiskeli, mpakani Busia. Sisi tunao waendeshaji, tunachofanya ni kuwasukumia mtaroni.

Sasa makutano, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi. Njia zetu nyingi za baiskeli ni nzuri pale paliponyooka, yaani pale ambapo hatari ni ndogo. Zikikaribia makutano, ukingo unashuka, rangi inakatika, na mwendeshaji anakabidhiwa kwa Mungu. Kisha tunahesabu kilomita na kupiga picha.

Mholanzi hufanya kinyume. Kabla ya kuvuka, njia ya baiskeli inajitenga na barabara kuu kwa kama urefu wa gari dogo. Dereva anayekata kona anakuwa ameshamaliza kugeuka anapokutana na baiskeli, hivyo anaiona kupitia kioo cha mbele, siyo kwa kuitafuta kwenye saitimira. Kwenye kona kuna kisiwa cha zege kinachombana apunguze mwendo, apende asipende. Kwenye mitaa midogo njia haishuki kabisa: gari ndilo linalopanda juu yake, kama mgeni anayevuka baraza la mtu. Mkisema malori hayatageuka, pembeni mwa kisiwa weka sakafu ya mawe iliyoinuka kidogo, tairi za nyuma za lori zipite juu yake na teksi iogope kuikanyaga. (Vipilefti naviacha, nitakesha.)

Halafu jamani, wao huendesha kulia! Kwetu anayekubana ukutani ni anayekata kushoto. Nimewahi kuletewa mchoro wa Kiholanzi ulionakiliwa ulivyo, mishale yote inampeleka mwendesha baiskeli uso kwa uso na daladala. Ulikuwa umegongwa mihuri yote.

Kuna jambo moja ambalo Waholanzi hawanisaidii vya kutosha, nalo ni bodaboda. Ukijenga njia pana, laini, yenye kivuli, asubuhi ya pili ni yao. Amsterdam wenyewe walivumilia vipikipiki kwenye njia za baiskeli miaka na miaka, hadi mwaka 2019 walipoviamuru viingie barabarani pamoja na magari katika sehemu kubwa ya mji. Lakini wao wana askari wa kusimamia amri hiyo, mimi nina nguzo za zege tu, za kusimamisha mlangoni mwa njia. Na nguzo ni suala la upana wa nafasi iliyo kati yake. Usukani wa bodaboda haufiki mita moja. Guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, nililolipima Ilala lilizidi mita, kabla hata ya kupakiwa. Nafasi yoyote inayompitisha mwenye guta na magunia yake inampitisha bodaboda, tena bila kupunguza mwendo. Ukimzuia bodaboda, umemfungia njia yule yule uliyedai unamjengea.

Nimechora nguzo kwa vipimo vitatu tofauti. Jana usiku nimezifuta zote. Bodaboda wataingia, najua, na mzee wa miwani atanionyesha picha yao kikao kijacho.