Kibao cha vifaa vya fundi simu: pima vidole kabla ya bisibisi

Seti ya bisibisi ya fundi simu huja kwenye kasha la plastiki, na kinachotangulia kufa ni bawaba za kasha. Vichwa vya bisibisi bado vizima, lakini sasa vimemwagwa kwenye kopo vikachanganyika, na fundi anavigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga akitafuta kile cha nyota ya ncha tano huku mteja anamtazama. Mimi ni seremala, mkate wangu ni milango na vitanda. Hata hivyo vibao vya mafundi simu, vile vya mbao vyenye mashimo ya kusimamishia vichwa hivyo, nimeshavitengeneza vya kutosha, na kasoro ninayoikuta kwenye vingi vya wenzangu ni ileile: aliyetengeneza alipima vifaa, hakupima vidole.

Vile vichwa vidogo vina urefu wa milimita 28 hivi. Ukivipanga vikibanana, kibao kinavutia macho, ila ukitaka kuchomoa cha katikati unaangusha majirani zake. Kwa hiyo kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine kwenye safu naacha milimita 15, na kati ya safu na safu 20. Mwenye vidole vinene namwongezea. Safu ya nyuma naiinua kama ngazi, ili mkono unaoiendea usipitie juu ya ncha za mbele.

Kabla ya kuchora chochote namwomba fundi afungue simu moja nikiwa nimekaa pembeni yake. Naangalia anatumia mkono gani, anarudia kifaa kipi, kibano anakilaza wapi. Anayeshughulika zaidi na iPhone hawezi kwenda mbali bila ile nyota ya ncha tano ya milimita 0.8 na kichwa cha msalaba PH000. Hivyo vinakaa mbele, upande wa mkono wake. Torx T8, ile nyota ya ncha sita, inaweza kwenda nyuma kabisa, haitaguswa wiki nzima. Kupanga kwa ukubwa, kuanzia kidogo hadi kikubwa, ni mpangilio wa dukani, haumsaidii mtu anayefanya kazi.

Sasa mashimo. Vichwa hivi vina shina la pembe sita, na kipimo kinachoandikwa ni cha kutoka ubapa hadi ubapa: milimita 4. Ukitoboa shimo la milimita 4 haliingii kitu, kwa sababu kutoka pembe hadi pembe shina hilo lina milimita 4.62. Natumia biti ya 5. Kwa vile vikubwa vya robo inchi, ubapa ni milimita 6.35 na pembe ni 7.33, kwa hiyo biti ya 7.5, au 8 ukiikosa. Wapo wanaopenda shina libane ili lisicheze. Mimi sitaki, na sababu ni mbao yenyewe.

Mbao hupumua. Msimu wa masika hunywa unyevu ikavimba, kiangazi hukauka ikasinyaa, na karibu yote hayo hutokea kwa upana. Kwa urefu, kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno. Shimo nalo hufuata mbao: mbao ikisinyaa, shimo halipanuki, linapungua, tena upande mmoja tu, linakuwa kama yai. Piga hesabu. Mbao ikisinyaa asilimia 3, shimo la milimita 5 linabaki na 4.85, na pembe za 4.62 bado zinapita. Lile la 4.8 lingebaki na 4.66 tu, shina linabana, na fundi atakurudia kiangazi akiwa na koleo mkononi.

Kwa hiyo mbao iwe kavu, na iwe ya aina isiyohangaika. Kwangu mninga ndio wa kwanza, kwa sababu husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi na hutobolewa bila ubishi. Vumbi lake lakini linawasha na kubana kifua, kwa hiyo funika pua. Mabaki utayapata karakana yoyote ya samani, kule Keko, Dar es Salaam, yanauzwa au unapewa ukizungumza vizuri, maana kibao hakihitaji zaidi ya kipande cha sentimita 20 kwa 9, unene wa sentimita 3. Mtiki unafaa pia, ila unakula makali ya biti. Msonobari ni laini, midomo ya mashimo hulika mapema. Mpingo ni mzuri na mzito, hausogei mezani, lakini kutoboa mashimo arobaini kwenye mpingo ni adhabu, na bei yake acha tu. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, sishauri. Ikilowa inavimba na hairudi.

Toboa kutoka uso mpana wa mbao, siyo kwenye kichwa ambako nyuzi zimekatwa, maana huko biti hupotea njia. Chora mistari kwa skwea, piga alama kila njia panda kwa ncha ya msumari, kisha tumia biti ya mbao yenye ncha kali katikati. Funga utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti penye milimita 12 ili mashimo yote yawe na kina kimoja. Hapo zinabaki milimita 16 za kushika. Halafu chukua biti nene zaidi, uizungushe kwa mkono tu kwenye mdomo wa kila shimo hadi upate kijishimo cha mtelemko. Hatua hii wengi wanairuka. Ndiyo inayomwezesha fundi kurudisha kifaa bila kuondoa macho kwenye bodi ya simu.

Upande wa pili wa uso huohuo wa kibao nachimba vikombe vifupi vya skrubu, vitano au sita, vikiwa vimepangwa kama simu inavyofunguliwa: chini, katikati, juu. Si urembo. Skrubu za simu hutofautiana urefu kwa sehemu ndogo ya milimita, na ndefu ikikazwa penye fupi inaweza kukata njia za umeme kwenye bodi. Sumaku ndogo chini ya kikombe inasaidia, lakini iweke ncha ya mbali na mahali simu inapolala, kwa sababu inavuruga dira na inaweza kuisumbua kamera.

Rangi ya kumalizia inategemea kinachomwagika mezani. Fundi simu husafisha bodi kwa spiriti, na spiriti huyeyusha shelaki. Kibao kilichong'arishwa kwa shelaki kitanata siku ya kwanza. Sanding sila nayo haivumilii thina. Napaka vanishi ya poliyurethani mikono miwili, msasa laini katikati, na mashimo nayaziba kwa vijiti, kwa sababu vanishi ikiingia ndani itameza ile nafasi tuliyoipigia hesabu. Mwenye kupenda mafuta ya kitani atumie, yanatoa sura nzuri kwenye mninga, ila kitambaa alichopakia asikikunje akakitupa kwenye pipa la maranda. Kinajipasha moto chenyewe hadi kuwaka. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Kifuniko huwa naulizwa. Sikitengenezi kwa kibao cha mezani: kitafungwa jioni mbili za mwanzo, kisha kitageuka sahani ya kuwekea simu zilizovunjika vioo. Anayehama na vifaa vyake nitamtengenezea kasha, na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.